Tuanze na Uwani



Kaskazi imeingia, wasomaji wetu wapendwa. Upepo umegeuka, bahari imelala, na jua la saa sita limeanza kuuma mabega ya watoto watokao chuoni. Upepo ukigeuka, barua zenu hugeuka pamoja nao. Majuma machache yaliyopita mlikuwa mkituuliza juu ya unyevu wa vuli na nguo zinazoota ukungu kabatini. Sasa mnauliza namna ya kuifanya nyumba upya kabla joto halijashika kasi, na kabla ya Ramadhani, ambayo miaka hii hutukuta katikati ya kaskazi. Barua zote tumezisoma, na karibu zote zinauliza juu ya sebule: rangi gani ipakwe, mapazia ya kitambaa gani, makochi yapangwe vipi ili wageni wa Idi wapate nafasi.

Suala la mapazia tutalijibu, msiwe na wasiwasi. Lakini tunaomba ruhusa tuanze mahali ambapo hakuna barua hata moja iliyopataja. Tunataka kuanza na uwani.

Hebu jiulizeni: kuanzia saa tano ya asubuhi mpaka alasiri, nyumbani mna nani? Mna mama anayepika. Mna mzee ambaye miguu haimpeleki tena mbali. Mna mtoto mchanga, na pengine mna binti aliyejifungua ambaye bado yumo ndani ya arubaini yake. Hao ndio wanaoishi katika nyumba. Sisi wengine aghalabu tunalala humo tu. Na hao hawakai sebuleni. Sebule hufungwa isiingie vumbi, makochi yakafunikwa, ufunguo ukawekwa juu ya kabati. Wanakaa jikoni, ujiani, na uwani kama uwani bado upo. Pesa za kuipamba nyumba huenda kwa mgeni wa saa mbili, na joto la mchana kutwa huachiwa mwenyeji.

Nyumbani kwetu tulijifunza jambo hili kwa gharama. Uwani wetu ulikuwa na urefu wa hatua 14 na upana wa hatua 9. Katikati palikuwa na mwarobaini mmoja, ambao wazee wakiuita mkilifi, na chini yake jamvi la bibi yetu. Bibi alikuwa hapo tangu dhuha mpaka magharibi. Hapo alichagua mchele, alikuna nazi, aliwasikiliza watoto sura walizohifadhi, na aliwapokea majirani walioingia kwa mlango wa nyuma kwa hodi moja tu. Ada za shule zilipotuelemea, ndugu zetu wa kiume walipiga hesabu: uwani ule ungeweza kutoa vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja shilingi 6,000 kwa mwezi. Hatukupinga. Tukisema kweli, sisi wanawake wa nyumba ndio tuliofurahi zaidi, maana ada ilikuwa ikitunyima usingizi. Mti ukakatwa siku ya Jumamosi. Bibi hakusema neno. Alikunja jamvi lake akalitandika ujiani, baina ya mlango wa jikoni na ukuta mpya wa matofali.

Kaskazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kali. Adhuhuri moja ya mwezi wa Februari umeme ulikatika, pangaboi la jikoni likasimama, na ule ujia wenye mabati juu na ukuta pande zote mbili ukawa tanuri. Tulimkuta bibi ameegemea ukuta, ngozi yake moto na kavu, akituita kwa majina ya dada zake waliokwisha kufariki. Tukamkimbiza hospitali, akalazwa siku tatu. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mwili wa mzee haujipozi kama wa kijana, na hata kiu huchelewa kumjia, hivyo anaweza kukaukiwa maji hali mwenyewe hajaona haja ya kunywa. Alhamdulillahi, alirudi. Tulipomwingiza kwa mlango wa nyuma alisimama, akatazama kulia na kushoto, akauliza, "Mti wangu mmeupeleka wapi?" Mti ulikuwa umekatwa miezi minane iliyopita, naye aliuona ukianguka. Mpaka leo hatujui kama ni homa iliyomsahaulisha, au alikuwa amengoja wakati wake wa kuuliza.

Kabla hatujaendelea, dada zetu, lishikeni hili. Mzee au mtoto akipatwa na joto akaanza kusema yasiyoeleweka, au akalegea na ngozi yake ikawa moto, hiyo si hali ya kusubiri alasiri. Mtoeni juani, mlegezeeni nguo, mpanguseni mwili mzima kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji, mpepeeni, na gari liitwe papo hapo. Aliyepotewa na fahamu asinyweshwe kitu kwa nguvu.

Sasa turudi kwenye uwani. Chumba kimoja kati ya viwili bado kipo na mpangaji wake tunamheshimu. Cha pili, mpangaji alipohama kwa hiari yake, tulikibomoa kuta mbili, tukaondoa mabati, tukaezeka makuti juu ya zile kuta mbili zilizobaki na nguzo za miti. Zile shilingi 6,000 tunazikosa kila mwezi, na kila mwanzo wa muhula tunazihisi. Hatutawadanganya kwamba tulipata badali yake. Kaka yetu mmoja mpaka leo anasema ile ilikuwa hesabu ya kike. Na iwe hivyo. Bibi amerudi kukaa hapo, na mchana wa Februari hatulali tena na wasiwasi naye.

Tunalolisema si geni. Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilijua vyema. Mtu aliyeingia kutoka mtaani alipita dakani, penye mabaraza mawili ya kukaa wageni wa kiume, kisha akageuka pembe katika tekani ndipo akafika kiwandani, yaani uwa wa ndani ulio wazi juu. Ile pembe ilikuwa na maana yake: mlango uliweza kuachwa wazi upepo ukapita, na mpita njia asione ndani. Kiwanda kilitoa mwanga na hewa kwa misana yote ya nyumba. Kuta zilikuwa nene, za matumbawe na chokaa, na vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazina urefu wa kuvuka chumba kipana. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni hulipa pesa nyingi kulala katika nyumba zake na kuvikalia viwanda vyake. Sisi wenyewe huku tunaziba viwanda vyetu kwa mabati.

Hatuna haja ya kujenga kasri. Mwenye uwani wa hatua tano kwa tano anaweza kuufanya chumba bora kuliko vyote alivyo navyo, na kitu cha kwanza atakachohitaji ni kivuli.

Kivuli cha mti hakina mfano, maana jani halihifadhi joto kama mabati. Mwarobaini hukua upesi na hustahimili ukame, na mkungu hutandaza matawi yake kwa tabaka kama mwavuli, ingawa hupukutisha majani mekundu ambayo mtu lazima ayafagie. Yote miwili msiipande ubavuni mwa ukuta, wala karibu na kisima au shimo la maji machafu. Mizizi yake haina adabu. Ipeni hatua tano au zaidi. Asiye na nafasi ya mti na apande mdodoki. Mbegu mbili tatu katika ndoo iliyotobolewa chini, kamba au uchanja wa fito juu, na katika muda wa miezi miwili au mitatu mtakuwa mmepata dari la majani mapana. Maua yake ni ya manjano, na madodoki yakikauka yanakwenda bafuni. Tunaupenda mmea huu kuliko maua mengi ya dukani, na hatuoni haya kusema hivyo.

Wanaotaka kivuli leo, si baada ya miezi mitatu, wana makuti. Paa la makuti lina ubaridi ambao mabati hayawezi kuuiga, kwa kuwa hewa ya moto hupenya juu ikatoka. Lakini makuti na moto ni maadui. Jiko la makaa lisikae chini yake, wala chetezo kisiachwe hapo bila mtu. Kwenye mitaa iliyobanana, ambapo paa la jirani linagusa lako, ni heri kutumia wavu mweusi au wa kijani wa kivuli, ule unaotandazwa juu ya vitalu vya miche. Ufungwe juu sana, mikono miwili juu ya kichwa cha mtu mrefu, ili upepo upite chini yake. Turubai la plastiki hatulipendekezi. Linazuia jua, ni kweli, lakini linazuia na upepo, na aliyekaa chini yake hutoka jasho kama aliyejifunika blanketi.

La pili ni upepo wenyewe. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, na kusi hutoka kusini. Simameni uwani saa tisa ya mchana na kitambaa chepesi mkononi, mwone unaingilia wapi na unatokea wapi. Mara nyingi mtakuta upande unaoingilia upepo ndio mliowekea kabati bovu, magunia ya mkaa na baiskeli isiyo na gurudumu. Viondoeni. Ukuta ukiwa umeziba kabisa, fundi anaweza kutoa safu moja ya matofali akatia yale yenye matundu, juu ya kimo cha macho, ili hewa ipite na sitara ibaki.

Sitara, kwa hakika, ndiyo inayowafanya wengi wenu kuukimbia uwani. Jirani amejenga ghorofa, dirisha lake linatazama chini moja kwa moja, na mwanamke hawezi tena kuketi bila buibui ndani ya kwake mwenyewe. Tunalijua jambo hili na linatuudhi. Kabla ya kuzibana kwa mabati, zungumzeni na huyo jirani. Wapo waliokubali kutia kioo cha ukungu au kibao cha kusitiri dirisha kwa sababu tu wameombwa kwa uzuri. Hawakuwa na nia mbaya, hawakufikiri tu. Pale maneno yasipofaa, kiambaza cha makuti au pazia la fito za mwanzi, likifungwa upande ule tu wa dirisha, hutosha. Na igeni ile pembe ya tekani: wekeni kiambaza kifupi hatua moja ndani ya mlango wa nje. Mlango ukifunguliwa, anayepita ataona kiambaza, hataona watu.

Juu ya sakafu tutasema kidogo. Saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa huutoa moto wake usiku, ndiyo maana uwani mwingine hauketiki mpaka saa tatu. Ikiwa mnaweza kuacha sehemu ya udongo au changarawe, iacheni. Ikiwa yote ni saruji, inyunyizieni maji baada ya alasiri, na maji hayo yasiwe ya bomba. Katika mji huu ambao ndoo ya maji hununuliwa kwa mkokoteni, maji ya suuza ya nguo yana kazi ya pili. Hata ya udhu yana kazi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita moja, sisi tunafungua bomba likamwagika ndoo nzima. Panapotawadhiwa pakiwekwa beseni, au mfereji mdogo uelekee kwenye mpapai au mgomba, mti utakunywa mara tano kwa siku bila ya mtu kuukumbuka.

Viti vya plastiki vinafaa kwa wageni na harusi. Kwa kukaa mchana kutwa, kitanda cha kamba hakina mshindani, kwa sababu hewa inapita chini na juu ya aliyelala. Mkeka wa ukindu au miyaa vilevile haushiki joto wala kunata mgongoni kama wa plastiki, na mama zetu wa pwani bado wanaisuka. Mkinunua kwao, pesa inabaki kwetu. Mkeka huo msiuloweshe. Upanguseni kwa kitambaa kilichokamuliwa, muukaushe kivulini, na usiku uingizwe ndani. Pembeni wekeni mtungi au gudulia la udongo, lisimame kivulini penye upepo. Maji yake hupoa kwa sababu udongo hutoa jasho kidogo kidogo na upepo ukalikausha. Mzee aliye na gudulia mkononi mwake atakunywa bila kungoja mjukuu amwendee jokofuni, na katika habari ya bibi yetu mmekwisha kuona kwa nini jambo dogo kama hilo si dogo.

Hapa pana onyo ambalo hatuwezi kulipita haraka. Uwani uliopambwa kwa vyungu, mitungi, mapipa na sahani za maua unaweza kuwa nyumba ya mbu. Chikungunya ilizuka Lamu mwaka 2004, ikarudi Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwaka uliofuata. Dengi nayo ilituzuru Mombasa mwaka 2013. Wengi wenu mnakumbuka viungo vilivyouma kwa miezi, na kina mama walioshindwa kukamua nazi kwa mikono yao wenyewe. Mbu anayeeneza maradhi hayo si yule wa malaria apendaye usiku. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, hivyo chandarua cha kitandani pekee hakimzuii. Hutaga mayai yake katika maji safi yaliyotulia, majumbani mwetu: katika pipa lisilofunikwa, katika sahani chini ya chungu cha mrehani, katika gurudumu bovu, hata katika kifuu cha nazi kilichonyeshewa. Mayai hushikamana na ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Chombo lazima kisuguliwe ndani kwa brashi, mara moja kila juma, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu arukaye katika muda wa siku saba hadi kumi. Chagueni siku. Sisi tumechagua Alhamisi, tukiutayarishia uwani Ijumaa, na kazi hiyo ni ya wavulana wa nyumba.

Mapipa yafunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kamba, si kwa kibao kilichopinda. Sahani za chini ya vyungu zijazwe mchanga. Na kwa wale wenye birika kubwa lisiloweza kumwagwa, wazee wa Lamu walikuwa na dawa yao: walifuga visamaki birikani vikala viluwiluwi vya mbu. Dawa hiyo bado inafaa.

Baada ya hayo pandeni maua mpendayo. Asumini ukutani, mrehani karibu na mahali pa kuketi ili nguo ikiupitia utoe harufu, mdimu katika pipa lililokatwa. Mhina nao ni mzuri kwa uzio, na Idi ikikaribia hamtakwenda sokoni kutafuta majani. Hatutawachosha kwa orodha. Katika mambo ya maua kila mwanamke wa pwani ni mwalimu.

Rangi mliuliza, na tuanzie kuta za nje. Wenye nyumba za zamani za matumbawe wasizipake rangi ya mafuta, wala wasizisiribe kwa saruji. Ukuta wa namna hiyo hupumua: huvuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje. Ukizibwa, unyevu na chumvi husukuma rangi ikabanduka kwa mapande, na kila mwaka mkalipa fundi yule yule kwa kazi ile ile. Pakeni chokaa. Iloweke usiku kucha mpaka iwe kama maziwa mazito, itieni konzi ya chumvi ili ishike, ichujeni kwa kitambaa. Ukuta usuguliwe vumbi na uloweshwe kwanza, kisha pakeni mkono mwembamba, mara tatu, kila mmoja ukikaa siku moja kabla ya mwingine. Msipake jua likiwa utosini, maana itakauka kwa pupa ikawa unga. Mkipaka mtaona kama maji matupu na mtasema tumewadanganya. Subirini ikauke, itang'aa. Chokaa huunguza macho na mikono, kwa hiyo anayepaka avae glavu na miwani, na watoto wawe mbali. Ikirukia jicho, lioshwe kwa maji mengi papo hapo na muende hospitali.

Paa la mabati nalo likipakwa rangi nyeupe ya mabati hurudisha jua lilikotoka, na chumba kilicho chini yake hupata nafuu ambayo pangaboi peke yake halileti. Dari, hata la makuti yaliyoshonwa na kufungwa chini ya mabati, huongeza nafuu hiyo mradi hewa iachiwe njia baina yao. Tena tunakumbusha: si juu ya jiko.

Dada zetu wa ghorofani watasema haya yote hayawahusu, kwamba wao uwani wao ni kamba ya nguo na roshani ya upana wa mkeka mmoja. Roshani hiyo ifungwe pazia la fito za mwanzi upande wa jua, itolewe masanduku, itiwe mkeka huo mmoja na vyungu viwili. Lakini hazina yao kubwa ni sakafu ya juu ya jengo. Tunalijua jengo moja ambalo wanawake walikaa kikao wakapatana: baada ya alasiri mpaka magharibi juu ni kwao na watoto wadogo, baada ya isha ni zamu ya wanaume. Wakachanga wavu wa kivuli na mapipa manne ya udongo. Mwenye jengo aliombwa jambo moja tu, ukuta wa pembeni uinuliwe hadi kifuani mwa mtu mzima kabla ya mtoto yeyote kupanda, na alikubali. Mwenye jengo asipokubali hilo, msipande.

Na baraza la nje? Hilo ni la wanaume na wamelizoea. Tunawaomba tu, wanapolipaka chokaa na kulitandika, wazikumbuke haki za njia walizofundishwa wanaokaa njiani: kuinamisha macho, kutoudhi wapita njia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mabinti zetu hupita hapo wakienda madrasa.

Uwani wetu, ule mpya, bado ni mchanga. Tulipanda mwarobaini mwingine, safari hii mbali na ukuta, na sasa umefika juu ya mlango. Ramadhani iliyopita tulifuturu chini yake usiku baada ya usiku, sinia ya mahamri na mbaazi katikati, uji wa mchele kwenye mabakuli, na upepo wa kaskazi ukitutoa jasho la mchana. Mpangaji wetu na mkewe tuliwaita nao wakaja, wakaleta kaimati. Bibi amekwisha kutuambia kwamba mti huu si wake, ni wa watoto, wake ulikatwa. Tukakubali kwamba ni hivyo. Hata hivyo jamvi lake analitandika chini ya mti huu, na mtoto akilikalia huondolewa.

Tumebakiwa na suala la mapazia. Melimeli nyeupe, mikunjo michache, yafike sakafuni, na madirisha yaachwe wazi nyuma yake. Kitambaa kizito chenye nakshi za dhahabu kihifadhiwe mpaka kusi.

Wassalaamu alaykum.